Nimebaki na fimbo saba

Jumamosi nimerudi kwenye uwanja wa gofu pale Ngong Road na fimbo saba tu begini. Kedi, yule anayenibebea begi, akacheka: "Mkubwa, zile zingine umeuza?" Bado kidogo.

Mwaka jana nilinunua seti nzima ya mtumba, fimbo 14, kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa na sheria za gofu. Mipini ya chuma, migumu, ya watu wanaopiga kwa kasi. Mimi napiga kama mtu anayefagia uani. Mpira ukawa unaenda chini, kulia, chini, kulia. Nikalaumu mgongo, nikalaumu viatu, hata nyasi.

Mzee mmoja ndiye aliyenipa ayoni yake namba 7 (fimbo ya kichwa cha chuma), mpini wa grafaiti, mwepesi na unaopinda kidogo. "Usitumie nguvu, kijana. Izungushe tu." Mpira ukapaa! (Sawa, Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira huenda mbali kuliko Mombasa. Lakini bado.)

Sasa nina draiva (fimbo ndefu ya pigo la kwanza) yenye uso ulioinama digrii 12 badala ya ile ya 9, haibridi moja (mchanganyiko wa ayoni na fimbo za mbali) iliyochukua nafasi ya ayoni 3 na 4, ayoni 6, 7 na 9, weji ya kutolea mpira mchangani, na fimbo fupi ya kuingizia mpira shimoni. Hiyo ya mwisho niliijaribu dukani nusu saa, muuzaji akanuna.

Ile seti ya 14 iko chini ya kitanda. Mwenye mikono ya nguvu anitafute, bei ni ya kuelewana.