Bango letu tunalishona wenyewe

Hatuprinti bango mwaka huu. Yale ya plastiki, Siku ya Wanawake ikipita tu, tarehe 9 Machi ushayaona yamefunika genge la mboga, na maneno yenyewe kayapanga mtu huko ofisini ambae hata hatujui sie. Safari hii wanawake wa mtaani kwetu hapa Ng'ambo, Zanzibar, tumenunua kitambaa cha marekani tukakubaliana kila mmoja aje na kipande cha kanga yake.

Zogo likaanza hapohapo! Shoga yangu mmoja kaleta kanga nyekundu, nzuri hasa, ila jina lake, yani maneno yaloandikwa kwenye kanga, la kumsimanga mke mwenzie, na anataka likae juu kabisa. Wengine wakasema hapana, humu hatusutani sisi kwa sisi. Tukabishana mpaka chai ikapoa, mwisho tukakata mji, yani ile sehemu ya katikati, na pindo, jina tukaliacha, nae karidhika.

Katikati anashona bibi mmoja fundi wa kofia za viua, anatoboa kwa sindano, anazungushia uzi, anakaza, anatoboa tena, na tundu zote sawasawa kama kapima. Kwa mikono hiyohiyo anaandika 1961. Watoto wa skuli wakamuuliza, bibi kwani 1961 kuna nini? "Ndo tulopiga kura wanawake, wajukuu zangu."

Na hili mie linaniuma mpaka leo. Uingereza wanawake waliandamana London 1908 na mabango walodarizi wenyewe, 1918 baadhi yao wakapata kura, wale walotimia miaka 30, na 1928 wakawa sawa na wanaume. Alafu Waingereza haohao wakawa wanatutawala sie, na uchaguzi wa 1957 hapa Zanzibar wakapiga wanaume tu, yani miaka karibu 40 baadae! Mpaka Januari 1961 ndo bibi zetu wakapanga foleni na wao.

Kona ya chini tumemuweka Siti binti Saad wa Fumba, yule muimbaji wa taarab, tumemshonea chungu cha kanga ya kahawia mana aliuza vyungu kabla hajafika Bombay kurikodi santuri, na mwaka wenyewe ni huohuo 1928.

Pindo la kushoto bado halijajaa. Mwenye kanga ya zambarau au kijani aje nayo kesho baada ya alasiri, na sindano yake pia, zetu zimekuwa chache.