Alama ya kidole gumba

Bibi yangu alikuwa na kaniki moja aliyoirithi kwa mama yake. Ukiitazama ndani ya nyumba ni nyeusi. Ukiitoa juani unaiona buluu yake, buluu nzito kama bahari ya kusi. Akiivaa kwenda shamba hurudi na rangi mabegani, jasho limeitoa. Alikuwa akituambia, "Hii imetoka Bara Hindi, imetiwa nili ya kweli. Hizi zenu za sasa zimepakwa tu."

Nilipopata nafasi ya kusoma kemia Gujarat, huko huko India, neno hilo akalifanya wasia. Kila nikipiga simu nyumbani Unguja, baada ya salamu na habari za mitihani, lazima aulize: "Umeshafika wanapotia nili?" Nikawa namwambia bado, bibi, masomo. Ikapita miaka miwili.

Desemba 2013 ndipo nilipokwenda. Rafiki yangu wa bwenini ni Mkhatri, na Makhatri wa Kutch, wilaya ya magharibi mwa Gujarat, kazi yao tangu mababu ni kutia nguo rangi. Ami yake alikuwa na karakana ya ajrakh, nguo zinazochapwa mapambo kwa mihuri ya mti, katika kijiji cha Ajrakhpur, karibu na mji wa Bhuj. Tukapanda treni ya usiku kutoka Ahmedabad, tukashuka Bhuj alfajiri kwenye baridi ambayo sikuitegemea kabisa kwa nchi ya jangwa. Tukanywa chai ya maziwa palepale stesheni, tukachukua bajaji. Rafiki yangu akawa anamwita dereva "kaka", nami nikashangaa, maana yule ni mzee wa ndevu nyeupe. Kumbe kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo.

Kijiji chenyewe ni kipya kuliko mimi. Kabla yake watu hawa walikuwa Dhamadka, walikokaa tangu karne ya 16 wazee wao walipokuja kutoka Sindh, ambayo sasa iko Pakistan. Tarehe 26 Januari 2001, asubuhi, ardhi ikatetemeka na Dhamadka ikalala chini. Chacha (ndivyo rafiki yangu alivyomwita ami yake, nami nikamfuata) alitusimulia habari hiyo huku anachapa, mkono hausimami. Waliokufa aliwataja kwa ufupi sana, akanyamaza kidogo, kisha akazungumzia maji. Baada ya tetemeko maji ya Dhamadka yaliingia chuma kingi. Kwa mtu wa kawaida hilo ni jambo la ladha tu. Kwa mchapaji ni kufungiwa duka, kwa sababu chuma ndicho kinachotoa rangi nyeusi, na kikiwa ndani ya maji nyekundu yote huingia giza. Ndiyo maana familia nyingi zikatafuta ardhi yenye maji mazuri na kuanza upya, wakaipa jina la kazi yao. Wengine walibaki Dhamadka na wanachapa huko mpaka leo.

Mimi nilidhani nitakuta watu wanapaka rangi. Hilo nalisema wazi kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wa kemia, na nilipaswa kujua. Siku ile ya kwanza karibu sikuona rangi. Niliona nguo nyeupe zikilowekwa kwenye mchanganyiko wa mavi ya ngamia, magadi na mafuta ya mbarika, zinakandwa, zinarundikwa usiku kucha zikiwa bado mbichi, zinaanikwa, kisha zinarudishwa tena mle mle. Chacha akachukua pembe ya nguo moja akaisugua kiganjani ikatoa povu. "Sasa iko tayari," akasema. Baadaye nguo hutiwa kwenye maji ya unga wa tunda liitwalo harde, tunda lenye ukakasi wa kukunja ulimi, inatoka njano hafifu kama mtama. Na hapo kazi ndiyo kwanza inaanza.

Mihuri yao ni ya mti wa msaji, mingi huchongwa Pethapur, upande wa Gandhinagar. Nilipewa mmoja nikaushika: mzito, umejaa mafuta na rangi za miaka, upande wa chini nyota na maua yamechongwa kwa wembamba ambao nilidhani utavunjika nikigusa. Pambo moja lina mihuri kadhaa. Wa kwanza hupiga mistari kwa chokaa na gundi, hapo patabaki peupe. Wa pili hupiga mistari ya uji mweusi. Uji huo ni vyuma chakavu, viatu vya chuma vya farasi na misumari, vimevundikwa na sukari guru kwa siku nyingi mpaka yale maji yakachachuka, kisha yakapikwa na unga wa kokwa za ukwaju. Ukinusa unasikia kutu na togwa kwa pamoja. Ukiupiga kwenye ile njano ya harde unageuka mweusi papo hapo, ukiwa unatazama.

Nyekundu ndiyo iliyonishika. Chacha aliponiambia, "Haya binti, sasa wewe utapiga nyekundu," akaniwekea trei yenye uji wa rangi ya udongo. Nikatafuta nyekundu sikuiona. Ulikuwa ni shabu na udongo wa mfinyanzi na gundi, basi. Shabu ile ile ambayo kwetu kinyozi humpaka mtu kidevuni akishamnyoa. Nyekundu yenyewe ilikuwa bado imelala kwenye magunia kule nyuma, mizizi iliyokauka, ikingoja siku ya kuchemshwa. Kwenye sufuria ile nguo nzima hutumbukizwa, lakini nyekundu huja kukamata pale tu palipopigwa shabu. Shabu ndiyo inayoishika rangi mkono na kuifunga kwenye uzi. Pasipo na shabu, rangi hupita ikaenda zake na maji.

Kwa hiyo unachapa kitu ambacho hukioni, na utakiona baada ya siku kadhaa. Nilikuwa nimekariri jambo hili darasani na kupata alama nzuri. Nikasimama mbele ya meza ndefu nimeshika muhuri, mikono inatetemeka.

Unagusisha muhuri kwenye trei mara mbili, unautua juu ya nguo ukifuata mistari ya waliotangulia, unaupiga mgongoni kwa kisigino cha kiganja. Chacha hupiga mara moja, sauti moja, anasonga. Mimi nilipiga mara tatu tatu. Mstari wangu wa kwanza ulikwenda upogo. Wa pili ukanyooka. Wa tatu nikaanza kusikia muhuri unakaa wenyewe mahali pake, raha iliyoje. Katika raha hiyo nikausogeza muhuri kwa mkono wa kushoto, na kidole gumba kilichokuwa na uji kikagusa ukingo wa nguo. Alama ndogo tu, unyevu usio na rangi. Nikatazama huku na huku. Chacha alikuwa amejiinamia na kazi yake. Nikanyamaza. Juu yake ikanyunyizwa vumbi la mbao, kama nguo yote, na alama ikafunikwa.

Jioni wakanipeleka kwenye nili. Mapipa yamezamishwa ardhini, juu yake povu lenye rangi ya shaba. Kijana mmoja akaingiza nguo taratibu bila kuyachafua maji, akaiacha humo, akaitoa. Ilitoka kijani, kijani cha jani la mgomba changa. Nikataka kusema imeharibika. Akaitandaza mchangani, hewa ikaigusa, na kijani kikaanza kukimbia kutoka kingoni kuelekea katikati, nyuma yake ikija buluu. Haikuchukua muda. Rafiki yangu aliniuliza mbona nalia. Nilikuwa naiona ile kaniki ikitoka juani, na bibi kaishika pembe mbili anaikung'uta.

Nikampigia simu palepale. Sikuweza kumweleza vizuri, mtandao unakatika, nikawa nasema tu, "Bibi, inatoka kijani! Inatoka kijani halafu inageuka!" Akasema, "Si nilikwambia."

Nguo yangu haikuwa tayari nilipoondoka. Ilikuwa inahitaji kukauka, kufuliwa, kuchemshwa na mizizi, kufuliwa tena. Nilirudi chuoni, na baada ya wiki tatu ikaja kwa posta, imefungwa kwenye gazeti la Kigujarati. Nikaifungua kitandani. Mstari wa kwanza upogo, kama nilivyouacha. Nyota nyeupe ndani ya nili, weusi wa vyuma chakavu umezizunguka, na nyekundu, nyekundu ya komamanga, mahali pote nilipopiga uji ule wa udongo. Na ukingoni, katikati ya buluu, kidole gumba changu. Mistari yote ya ngozi inahesabika, nyekundu kuliko kitu kingine chochote kwenye nguo ile.

Nikaifua kwa sabuni, mara mbili. Haikupungua hata chembe.

Nikamwomba rafiki yangu anipigie kwa Chacha, nikamwomba radhi. Nikamwambia niliona nilipogusa, nikaona aibu kusema.

"Na mimi niliona," akasema.

Nikamuuliza kwa nini basi hakuifuta.

"Shabu haifutwi, binti. Ukiifuta unaitandaza, ingekuwa kubwa kama kiganja."

"Sasa mbona hukuniambia, Chacha?"

"Ulikuwa umeshanyanyua muhuri mwingine. Ningekuita ungeshtuka, na huo nao ungeupiga vibaya."