Kumbukumbu ya mradi wa makuyu: madume niliowatupa

Juma la tatu. Kila siku napasua makuyu mawili matatu ya mkuyu mmoja, nayatazama kwa lenzi ya mkono na kuchora ninachokiona. Kuyu, ijapokuwa huitwa tunda, ni kifuko cha maua mengi yaliyogeukia ndani, na mlango wake ni kitundu kilichozibwa kwa magamba yanayopishana. Katika makuyu machanga nimekuta nyigu majike wamekufa, karibu wote hawana mabawa, kwa kuwa hung'oka wanapojipenyeza. Jike wa aina ya Ceratosolen arabicus huja na chavua katika vifuko vya kifuani, akaipaka kwenye maua huku akitaga. Maua yenye shingo fupi, ambayo mrija wa jike wa kutagia huweza kufika chini, hulea mabuu. Yale ya shingo ndefu kwa kawaida huzaa mbegu.

Juma la nne. Nimegundua kosa linalonitia aibu. Katika makuyu yanayokaribia kuiva nilikuwa nikikuta vidudu vya rangi ya asali, visivyo na mabawa, nikaviandika kuwa ni nyigu walioharibika na kuvipangusa kwa brashi. Kumbe ndio madume. Hutangulia kutoka, huwatafuta majike ambao bado wamo katika vivimbe vyao, yaani maua yaliyovimba walimokulia, hutoboa kila kivimbe na kumpanda jike humo humo, kisha hushirikiana kuchimba njia ya kutokea ambayo wao wenyewe haiwafai kitu, maana hufa muda mfupi baadaye. Wakati huo maua dume, yaliyochelewa kwa majuma kadhaa, ndiyo kwanza yanatoa chavua, na majike huikusanya kabla ya kuondoka.

Juma la tano. Nimefunga mitungi miwili ya kioo kwa kitambaa chepesi: mmoja una kuyu zima, mwingine lililopasuliwa na kuondolewa madume. Asubuhi mtungi wa kwanza ulijaa majike. Katika wa pili walitoka watatu tu. Miongoni mwa wale wa kwanza wamo wachache wenye mkia mrefu kama uzi, nyigu wa aina nyingine ambao hutagia kwa kutoboa ukuta wa kuyu kutoka nje, bila kubeba chavua. Kuanzia kesho nitawahesabu kando, tena alfajiri, kwa sababu jike aliyekomaa huishi siku moja au mbili tu.