Meno ya mama hayakuwa na kosa

Hapa Mikindani, Mtwara, mtu mzima akionekana ameshika shavu, ushauri ni mmoja: kang'oe. Mama akang'olewa gego la kulia, kisha la pembeni yake. Maumivu palepale.

Jino bovu lingemkesha usiku kucha. Haya yalimpiga ghafla kama shoti ya umeme, yakadumu sekunde chache, yakaondoka. Na yalikuwa na vichokozi vyake. Upepo wa kusi ukimpata usoni kwenye boti ya Msanga Mkuu, anaruka. Pweza ndiyo usiseme, kutafuna hawezi. Kibaya zaidi kutawadha: anachota maji, mkono unafika karibu na shavu, unagoma, macho kayafumba. Nikamwambia atayamamu, atumie vumbi badala ya maji. "Kwani vumbi silipaki usoni, mwanangu?"

Daktari aliyeujua ugonjwa alimsikiliza kwanza, halafu akamgusa kwa pamba pembeni ya pua. Mama akaruka. Akatueleza kuwa ni maumivu ya mshipa wa fahamu wa tano (kitaalamu trigeminal neuralgia), mshipa unaopeleka hisia za uso kwenye ubongo kwa matawi matatu: paji, shavu na taya. Mara nyingi, pale unapoingia kwenye shina la ubongo, mshipa wa damu unakuwa umeuegemea. Kila moyo unapodunda, mshipa huo wa damu unausugua ule wa fahamu, mpaka ganda lake linalika, na mguso mdogo tu unafika kwenye ubongo kama maumivu makali. Si kupooza uso. Huko ni mshipa wa saba, na mdomo huenda upande. Wa mama ulikuwa umenyooka.

Dawa ni kabamazepini, na hapo ndipo shughuli ilipoanza, maana ndiyo hiyohiyo wanayopewa wenye kifafa. Jirani kaiona pakiti asubuhi, kufika magharibi mtaa mzima una habari, na shangazi keshataja mganga. Mama akavihamishia vidonge kwenye kopo la hiliki. (Hata kifafa chenyewe, aibu yake iko wapi?)

Walimwanzishia dozi ndogo, wakaipandisha polepole kwa sababu inasinzisha na kuyumbisha. Anapimwa damu kuangalia chumvi na ini, na ameonywa kuwa akitokwa na upele arudi hospitali siku hiyohiyo.

Upasuaji nao upo. Hufungua nyuma ya sikio, wakaweka kipande kidogo cha Teflon (aina ya plastiki) kati ya mshipa wa damu na ule wa fahamu. Mama kajibu kwamba kichwa chake hakifunguliwi maadamu vidonge vinamsaidia. Daktari hakumbishia: kisu ni cha wale ambao dawa imewashinda.