Belgravia: nyumba zao, kiwanja cha Duke

Jumamosi, London

Kituo cha Sloane Square kina mto juu ya reli. Ami ndiye aliyenionyesha: bomba nene la chuma limekatiza juu ya vichwa vya abiria, na ndani yake unapita mto Westbourne, uliokuwapo kabla treni hazijazaliwa. Watu wamesimama chini yake wanachezea simu, hawana habari.

Ami aliendesha teksi mji huu mpaka magoti yalipomgomea, kwa hiyo nilipomwambia nataka kuuona mtaa wa matajiri hakuniuliza upi. "Twende Belgravia, mwanangu. Mayfair wanakwenda wanaotaka kuonekana."

Tulipoingia Eaton Square nilianza kumwelewa. Kimya cha ajabu. Nyumba ndefu za rangi ya maziwa yaliyodondokewa na chai zimefuatana mstari mmoja mpaka macho yachoke, kila mlango mweusi unang'aa na nguzo zake ubavuni. Kwa mbali utaapa ni mawe. Ukisogea pale rangi ilipobambuka unaona ni plasta juu ya matofali, kama nyumba yoyote. Madirisha mengi yalikuwa yamefungwa, mchana kweupe. Tuliokuwa barabarani ni sisi, kijana anayetembeza mbwa watatu ambao bila shaka si wake, na mafundi.

Mafundi ndio walionisimamisha. Mbele ya nyumba moja mkanda wa mashine ulikuwa ukitoa udongo chini ya ardhi na kuumwaga kwenye kontena kando ya barabara. Udongo mweusi, umechanganyika na vipande vya matofali, na kijana mwenye kofia ngumu akiusawazisha kwa sepetu. Nyumba hizi zinalindwa na sheria, huwezi kujiongezea ghorofa juu ukipenda, basi wenye pesa huenda chini: bwawa la kuogelea, sinema, gereji. Kichekesho ni kwamba hapa palikuwa kinamasi, pakiitwa Five Fields. Thomas Cubitt alipoanza kujenga miaka ya 1820 ilibidi apajaze kwanza, akaleta udongo uliochimbwa St Katharine Docks, bandari iliyofunguliwa 1828. Udongo ulioletwa kwa jasho sasa unatolewa kwa jasho.

Na hicho kiwanja chenyewe kina mwenyewe. Mwaka 1677 binti aitwaye Mary Davies, wa miaka 12, aliolewa na Sir Thomas Grosvenor, naye akaja na urithi wake: mashamba na malisho ambayo leo ni Mayfair na Belgravia. Ukoo huo, wa Duke wa Westminster (Duke ni cheo cha kurithi cha makabaila wa Uingereza), bado umekamata sehemu kubwa. Mtu anaweza kutoa mamilioni ya pauni hapa, na alichonunua ni miaka tu. Mkataba ukiisha, nyumba inarudi kwa mwenye ardhi.

Nilicheka peke yangu. Mimi nimezaliwa Majengo, Mombasa, kwenye nyumba aliyoijenga babu kwa mikono yake juu ya ardhi ya mtu mwingine. Kuta zetu, mabati yetu, kiwanja si chetu. Kila mwezi kodi ya ardhi. Kumbe mabilionea nao ni wapangaji wenzetu!

Ami hakucheka. "Usijifananishe. Hawa wana karatasi." Ni kweli. Mkataba wao una miaka iliyoandikwa, na sheria ya 1967 iliwapa wapangaji wa muda mrefu haki ya kuinunua ardhi yenyewe hata mwenye ardhi asipotaka. Wasimamizi wa mali ya ukoo wa Duke walilipeleka jambo hilo mpaka mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, wakashindwa 1986. Sheria ilipopanuliwa 1993, Duke wa wakati huo akakihama chama cha Conservative kwa hasira. Kwetu mwenye ardhi akitaka chake, unabomoa chako unaondoka.

Belgrave Square ni balozi na bendera. Bustani ya katikati imezungushiwa vyuma na kufuli, funguo wanazo wakazi. Sisi tuliizunguka kwa nje tukitazama sanamu za pembeni. Bolívar, Columbus, halafu Henry wa Ureno, yule mwanamfalme aliyewatuma mabaharia kushuka pwani ya Afrika Magharibi. Alikufa 1460, hakuwahi kutuona, lakini waliofuata njia yake walifika Mombasa 1498, na Fort Jesus ndiyo hiyo mpaka leo. Sikumpiga picha.

Ebury Street tulipita haraka, ami ameshachoka. Namba 180 kuna kibao: mwanamuziki Mozart alitunga simfoni yake ya kwanza humo mwaka 1764, akiwa na miaka minane. Mtoto huyo naye alikuwa mpangaji.

Jioni nilimpigia mama. Nikamuuliza kodi ya ardhi ya mwezi huu imeshalipwa.

"Nimempelekea mwenye ardhi, amekataa kuipokea."

"Amekataa? Amesema nini?"

"Hakusema sababu. Amesema rudi nyumbani tu, mama. Na wa nyumba ya pili naye kakataliwa."

Nikamwambia asipoteze risiti hata moja, hata zile za zamani za babu. Akasema ziko kwenye kopo la maziwa, chini ya kitanda. Kesho asubuhi atamtuma mdogo wangu azipige picha zote anitumie.