Miguu kwanza: nilivyojiandaa Newala kabla ya kuingia jeshini

Vijana wa kwetu Newala wakinifuata kuniuliza habari za ukomando, wengi huanza na pushapu. Mimi huwauliza vyeti na miguu.

Njia niliyopita ni ya JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, kujitolea kwa miaka 2. Maombi hupitia wilayani na hayalipiwi hata shilingi moja; alijitokeza mtu akidai ana nafasi za kuuza, nikaachana naye. Kabla tangazo halijatoka nilikuwa nimeshalinganisha cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, jina liwe lile lile herufi kwa herufi. Siku ya usaili kijana mwenye mbio kunizidi alirudishwa kwa sababu karatasi moja ilisema Hamisi na nyingine Khamisi. Iliniuma sana.

Mazoezi nilielekezwa na mjomba, askari mstaafu. Nilimwendea jioni, nikampa shikamoo, nikamweleza nia yangu.

"Mpwa wangu," akasema, "kifua utakipata hukohuko. Miguu nenda nayo."

Basi alfajiri nikawa nashuka mteremko wa Shimo la Mungu na kupanda tena na dumu la maji begani. Alinikataza kulijaza mpaka magoti yazoee. Msimu wa korosho nikitoka hapo naunganisha shambani kuokota, na usingizi nikauzoea kuwa mfupi.

Kambini nilimwelewa. Mchakamchaka, kwata ya gwaride, fatiki za kazi za mikono, shamba, kisha usiku filimbi inalia mnaamka tena. Wenye misuli mikubwa niliwaona wakichechemea kwa malengelenge ya buti mpya. Mimi kila usiku, hata nikisinzia, nilinawa miguu, nikakausha katikati ya vidole, nikavaa soksi kavu. Zile mbichi nilizilaza tumboni chini ya fulana zikauke kwa joto la mwili. Lengelenge likivimba nalitoboa pembeni kwa sindano iliyopita motoni, ngozi siing'oi. Hicho ndicho kilichonivusha, nasema kwa moyo wote.

JWTZ, jeshi lenyewe la ulinzi, waliponichukua, ukuruta, yaani mafunzo ya askari mpya, ukaanza upya Kihangaiko, kule Msata. Hapo pia hakuna komando. Ukomando ni kozi ya askari aliyekwisha fuzu, na huko unapimwa upya kana kwamba hujawahi kukimbia. Ndiyo ninayoiwania sasa.

Na wazazi waambiwe mapema: JKT husema wazi kwenye matangazo yake kwamba haitoi ajira. Wenzangu wengi, hodari kabisa, miaka 2 ilipokwisha walirudi nyumbani na ujuzi wa kilimo na ufundi. Mama yangu nilimweleza hilo kabla sijafunga begi, naye akakubali nikajaribu.