Saa ya taa kumi, kwa hesabu ya Kiswahili

Hii ni saa ya binari: kila taa ina thamani yake, na kila thamani ni nusu ya iliyotangulia. Saa zetu zinaishia kumi na mbili, na kumi na mbili hukaa vizuri ndani ya taa nne: 8, 4, 2, 1. Dakika zinataka taa sita: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Jumla kumi. Unajumlisha zinazowaka tu. Safu ya juu ni ya saa, ya chini ni ya dakika. Juu zikiwaka 2 na 1, chini 32, 4 na 1, basi ni saa tatu na dakika 37.

Michoro mingi ya saa hizi mtandaoni hutumia taa 20, kila tarakimu na nguzo yake, sekunde zikiwemo. Ni rahisi kusoma, ila hizo ni tarakimu za kawaida zilizovalishwa nguo ya binari. Utamu uko kwenye taa kumi.

Tafuta Arduino Nano (kibao kidogo cha kuprogramu), moduli ya saa DS3231, LED (taa ndogo) nyekundu 10, rezista 10 za om 330 na chaja ya simu ya volti 5. LED nyekundu hula kama volti 2. Tatu zinazobaki, zikipita kwenye om 330, hutoa miliampea 9 hivi. Kila taa ipate rezista yake. Ukizifungia zote rezista moja, saa nane kamili taa itang'aa sana, na saa saba na dakika 59 zote zitafifia. Taa zikae kwenye pini za Nano D2 hadi D11. D0 na D1 ziache, ndimo programu inamopitia kutoka kompyuta. Pini za moduli za mawasiliano: SDA iende A4, SCL iende A5.

Moduli huhesabu 0 hadi 23. Ili kupata saa ya Kiswahili, ongeza 6, gawanya kwa 12, chukua baki. Likiwa 0, onyesha 12.

Hapa Goma kosa kubwa hujitokeza umeme ukirudi. Mifano mingi ya programu hupanga saa upya kila inapowaka, ikitumia muda ule programu ilipopakiwa. Umeme ukikatika mara tatu kwa siku, mara tatu saa inarudi nyuma. Panga saa pale tu moduli inaposema ilipoteza nguvu. Angalia pia betri: moduli nyingi za bei nafuu zina njia ya kuchaji, na CR2032, ile betri bapa ya duara, haichajiwi, huvimba. Ng'oa rezista ndogo ya om 200 iliyo kando ya diodi.

Pawabenki nayo ina shida yake. Nyingi hujizima zikiona mkondo mdogo, na saa nane kamili inawaka taa moja tu. Chaja ni salama zaidi.

Mchezo huohuo unafaa kwenye keki ya anivaseri. Mishumaa sita inatosha hadi miaka 63. Miaka 40 ni 32 na 8: washa wa kwanza na wa tatu kutoka kushoto, mingine ibaki imezima. Keki isikae barazani, maana upepo wa Ziwa Kivu ukizima mshumaa wa 32, mwenye sherehe anabaki na miaka 8. Mshumaa wa 1 uwe wa rangi tofauti, la sivyo wageni waliokaa ng'ambo ya meza watasoma 5. Miaka 33, 45, 51 na 63 haisumbui, husomeka sawa pande zote.